Sura ya Nne: Duka la Picha la Familia ya Oza

Ukipewa picha ya zamani ya Forodhani ya Unguja, usihangaike na nguo za watu wala aina ya majahazi. Tafuta mnara. Ukiuona umesimama peke yake mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, picha hiyo ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, asubuhi ambayo manowari za Kiingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Ukiuona mnara umejengwa kwenye uso wa jumba lenyewe, na saa juu yake, ni picha ya baada ya hapo. Na ikiwa pembe ya jumba haipo, kuta zimefumuka na kifusi kimemwagika chini, basi ni ya baada ya tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu kubwa ya jumba iliporomoka mafundi wakiwa kazini na watu wawili wakapoteza maisha.

Alama za namna hii zimejaa mjini. Maji ya hori yakionekana baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, pale Darajani ambapo baadaye daladala ziligombania abiria, ujue kazi ya kulijaza hori ilikuwa bado. Ilianza mapema katika karne ya 20 na ikamalizika miaka ya 1950. Behewa la gari moshi likionekana katikati ya mtaa, karibu na madirisha ya watu kiasi kwamba abiria angeweza kumpa mkono aliyemo ndani, upo katika enzi ya reli ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905 na kuacha kubeba abiria katika miaka ya 1920. Kuba la Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja halikuwapo kabla ya miaka hiyo hiyo ya 1920. Bendera nyekundu tupu ni ya Sultani. Ile nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili katikati ilipepea mwezi mmoja na siku chache tu, kuanzia uhuru wa Desemba 10, 1963 mpaka Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Picha yenye bendera hiyo haihitaji kuandikwa tarehe nyuma yake.

Naanzia hapa kwa sababu picha za kale zimegeuka mapambo mjini kwetu. Zimetundikwa kwenye kumbi za hoteli, juu ya kaunta za migahawa, ndani ya kalenda za mabenki. Macho hupita juu yake, mtu akasema "zamani mji ulikuwa mzuri," basi. Lakini picha ni shahidi, na shahidi huhojiwa: nani aliipiga, lini, alisimama wapi, nani alilipa, na hawa waliomo ni nani. Sura hii inahusu mkusanyiko mmoja ambao unaweza kuhojiwa hivyo kuliko mwingine wowote ninaoujua hapa Unguja. Upo Barabara ya Kenyatta, katika studio iitwayo Capital Art Studio, na umekuzwa na familia moja, ya akina Oza, tangu mwaka 1930. Naamini thamani yake inazidi ile ya makusanyo mengi yaliyohifadhiwa nchi za mbali kwa uangalifu mkubwa. Naamini vilevile kwamba sehemu kubwa ya thamani hiyo itatutoka mikononi ikiwa majina ya watu waliomo hayataandikwa wakati wazee wa kuwatambua wangalipo.

Kamera ilifika Unguja mapema. Mfaransa Charles Guillain alipita katika pwani hii kati ya 1846 na 1848 akiwa na mtambo wa daguerreotype, ule wa kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, miaka michache tu baada ya ufundi huo kutangazwa Paris. James Grant, aliyekuwa njiani kwenda kutafuta chanzo cha Nile pamoja na Speke, alipiga picha mjini mwaka 1860. Hawa walikuwa wapita njia. Walipiga walichokistaajabia, wakapakia, wakaondoka, na picha zao zikaenda nao. Ndiyo sababu mtafiti wa leo anayetaka kuuona mji wa Sultani Seyyid Barghash hulazimika kwenda mbali: mkusanyiko wa Winterton, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za miaka mia moja kuanzia 1860, upo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Umetunzwa vizuri na mtu yeyote anaweza kuutazama kwenye intaneti, na ninaushukuru. Lakini maelezo yaliyoandikwa chini ya picha nyingi za aina hiyo yanasema "mwanamke wa Kiswahili", "Mwarabu", "mtumwa", "mtaa wa Zanzibar". Mtaa upi? Mwanamke yupi? Aliyekuwa akijua alibaki Unguja, na hakuulizwa.

Waliofuata walikuwa wenyeji wa aina fulani: Wagoa, Wakatoliki kutoka koloni la Wareno la Uhindi, waliokuwa na sifa kubwa katika kazi tatu mjini, yaani upishi, muziki na picha. A. C. Gomes alifungua studio katika nusu ya pili ya karne ya 19. Ndugu wa Coutinho wakafuata, na baadaye Pereira de Lord. Meli zilizopita Mfereji wa Suez baada ya 1869 zilishusha abiria waliotaka kitu cha kupeleka kwao, na kadi za posta zikawa biashara. Bandari, mlango wa kuchonga, mchukuzi wa mizigo, msichana aliyevikwa vito vya kuazima na kuketishwa mbele ya pazia lililochorwa. Kadi hizo zilizunguka dunia, na mpaka leo huuzwa kwenye minada ya Ulaya. Zinatufaa sana kwa majengo. Kwa watu hazitufai hivyo, kwa kuwa mteja wa kadi hakuwa yule aliyepigwa picha.

Ranchhod Oza aliingia katika kazi hii kupitia mlango wa Gomes. Alizaliwa mwaka 1907, asili yake Gujarat, na alijifunza kazi katika studio hiyo ya Wagoa kabla ya kufungua yake mwenyewe mwaka 1930. Haukuwa mwaka wa kuanzisha biashara. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka mwaka mmoja kabla, bei ya karafuu ikawa inashuka, na Unguja bila karafuu haina fedha mkononi. Mtu anayefungua duka la picha katika hali hiyo amekwisha kupiga hesabu kwamba picha si anasa tena, kwamba kuna watu wa mjini, wengi wa kutosha, ambao watakata katika matumizi yao ili wapate sura zao kwenye karatasi. Hesabu yake ilikuwa sawa.

Hapa ndipo tofauti inapoanza, na inafaa kusimama kidogo. Studio ya mtaani hula kwa wateja wa mtaani. Watalii huja kwa msimu, lakini harusi hazina msimu. Idi mbili kila mwaka, watoto wana nguo mpya, mama anataka picha kabla viatu havijachafuka. Kijana ameajiriwa ukarani, anataka kupeleka picha kwao Pemba. Bwana harusi wa Kihindi na bibi arusi wake. Bohora, Ithnaashari, Mngazija, Mshihiri, Mshirazi wa Makunduchi aliyekuja mjini kwa shughuli. Msafiri anayehitaji paspoti. Kila mmoja aliingia kwa miguu yake, akachagua nguo, akachagua namna ya kukaa, akalipa. Mamlaka ya picha yalikuwa mikononi mwake. Ukiilinganisha picha ya studio ya miaka ya 1940 na kadi ya posta ya mwaka 1900, utaona jicho la aliyemo limebadilika. Wa kwenye kadi anatazamwa, wa studio anakutazama.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito kuliko anavyoweza kuamini kijana mwenye simu. Mteja aliketishwa, akaambiwa asitikisike. Mpiga picha akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera ya miguu mitatu, akaiona sura imepinduka kichwa chini kwenye kioo. Akatia bamba, akafungua lenzi kwa kuhesabu. Halafu chumba cha giza, ambako picha husafishwa: dawa ya kwanza huidhihirisha sura pole pole, ya pili huzuia mwanga usiendelee kuila, kisha maji safi, mengi, kwa muda mrefu, kwani dawa ikibaki kwenye karatasi itaizeesha picha miaka ishirini baadaye. Baada ya hapo negativu iliwekwa mbele ya mwanga, na fundi mwenye kalamu ya risasi iliyochongwa nyembamba akaondoa kovu au alama ya ndui, akalainisha paji la uso. Waliotaka rangi walipakiwa kwa mkono: shavu jekundu kidogo, kanga yenye rangi ambayo huenda haikuwa rangi yake ya kweli. Mteja alipewa picha. Kwa desturi ya studio zote za zamani, negativu ilibaki kwa mpiga picha, ili mtu akitaka nyingine arudi.

Desturi hiyo ndogo ya kibiashara ndiyo iliyouwekea mji kumbukumbu. Hakuna aliyekaa akasema tujenge hifadhi ya historia. Makasha yalijaa kwa sababu wateja wangeweza kurudi.

Studio ilipata jina hata kasrini. Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 mpaka 1960, alipigwa picha na Oza kwa miaka mingi, na shughuli za serikali, mapokezi na gwaride zikaingia katika mkusanyiko. Picha hizi ndizo zinazouzika zaidi na ndizo zinazochapishwa vitabuni. Mimi huzipita haraka. Sherehe za watawala hufanana, na zimeandikwa katika magazeti ya wakati ule kwa urefu unaotosha.

Zinazonishika ni za mitaani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kamera zilikuwa nyepesi, filamu zilikuwa na kasi, na mpiga picha angeweza kutoka dukani. Katika picha za Oza za miaka ya 1950 baiskeli zimetapakaa kila mahali, kiasi kwamba mwanazuoni Pamila Gupta ameandika makala nzima juu ya baiskeli hizo. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, baiskeli ndiyo iliyomtoa mtu Ng'ambo asubuhi ikamfikisha Shangani au Malindi kabla ofisi hazijafunguliwa. Ilibeba mikate, maziwa, magunia, watoto wa shule wawili wawili. Kwa mshona nguo au tarishi ilikuwa dalili kwamba ameanza kujitegemea. Ukizitazama picha hizo kwa utaratibu unaanza kuona mambo ambayo hayakuwa lengo la mpiga picha: mabango ya filamu za Kihindi na Kimisri, vibao vya maduka vyenye maandishi ya Kigujarati, Kiarabu na Kiingereza pamoja, wanawake wenye mabuibui wakipita ukutani kwenye kivuli, wanaume barazani ambao leo wote wamekwisha kuzikwa.

Ilikuwa miaka migumu pia. Baina ya 1957 na 1963 Unguja na Pemba zilipiga kura mara nne, na kipindi chote hicho wazee wetu wanakiita Zama za Siasa kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Watu wa chama kimoja waliacha kununua kwenye duka la wa chama kingine. Ndoa zilivunjika. Majirani hawakuzikana. Lakini kila mmoja wao alihitaji picha, na kiti cha studio ni kile kile. Nikiyafikiria makasha ya miaka ile huwa nafikiri juu ya jambo hilo: watu ambao hawakutaka hata kusalimiana mtaani wamekaa pamoja humo, negativu moja ikigusana na nyingine, zimepangwa kwa tarehe tu.

Kisha ikaja Januari 1964. Sura nyingine ya kitabu hiki inaeleza yaliyotokea, na sitayarudia. Kinachohusu picha ni kilichofuata, yaani kuondoka. Waarabu na Wahindi kwa maelfu, pamoja na Wangazija na Waswahili wengi wenye asili za kila namna, walitoka katika miezi na miaka iliyofuata, wengine kwa haraka ya usiku mmoja. Walikwenda Mombasa na Dar es Salaam, Muscat na Dubai, baadaye London na Toronto. Wengi waliondoka bila nyumba na bila fedha, lakini albamu ni nyepesi, na ipo familia baada ya familia huko Omani ambayo kitu pekee ilichonacho cha Unguja ni picha kumi au ishirini zilizopigwa studio. Hivyo mji ukagawanyika kwa namna ya ajabu: karatasi zikasafiri, negativu zikabaki. Mjukuu aliyezaliwa Ruwi, Muscat, ana sura ya bibi yake bila kujua aliketi wapi siku ile. Duka la Barabara ya Kenyatta linajua kiti, pazia na pengine siku, na halina njia ya kumjua mjukuu.

Akina Oza walibaki. Katika mji uliopoteza sehemu kubwa ya wafanyabiashara wake wa Kihindi, jambo hilo peke yake linastahili heshima. Ranchhod aliendelea na kazi, safari hii akiwapiga picha viongozi wapya wa Serikali ya Mapinduzi, na wananchi wao. Mwaka 1983 mwanawe Rohit, aliyezaliwa 1950, akaipokea studio. Ranchhod alifariki 1993. Baba na mwana kwa pamoja wameuona mji ukipita katika hali ambazo mtu mmoja hawezi kuzishuhudia zote: usultani chini ya Waingereza, uhuru wa mwezi mmoja, mapinduzi, muungano, foleni za chakula, kulegezwa kwa biashara, na hatimaye watalii. Kwa mwanahistoria huu ni utajiri ambao hauwezi kununuliwa. Mahali ni pale pale, jicho limefundishwa na jicho lililotangulia, na wanaoingia mlangoni hubadilika muongo baada ya muongo.

Lazima niseme na upande ambao mkusanyiko huu hauuoni vizuri, kwani mapenzi yasinifumbe macho. Studio ilikuwa Mji Mkongwe, na kamera ikitoka nje ilitembea zaidi Mji Mkongwe. Lakini watu wengi wa mjini waliishi Ng'ambo, ng'ambo ya hori, katika nyumba za udongo na miti zilizoezekwa makuti au mabati ya madebe. Ng'ambo ndiko alikoishi Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizouzwa pwani nzima. Mwaka huo huo wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Wataalamu wa mipango miji nao walikuja na kuondoka: Lanchester aliandika mpango wake 1923, na mwaka 1968 Mjerumani wa Mashariki, Hubert Scholz, akaandika wake, ambao chini ya Mzee Karume ulizaa majumba marefu ya Michenzani. Ili yajengwe, mitaa ilibomolewa. Watu waliohamia gorofani walipata maji ya bomba na umeme, na walijivunia kwa haki. Lakini baraza, kisima, mkunazi wa uani na njia ya mkato kwenda msikitini vilikwenda na kifusi.

Nani aliipiga picha mitaa hiyo kabla ya tingatinga? Wachache sana. Mtu wa Ng'ambo anaonekana katika picha za studio akiwa amevuka, amevaa vizuri, amesimama mbele ya pazia lenye bustani ya Kizungu. Nyumba yake haionekani. Ndiyo maana naona ni kosa kuuchukulia mkusanyiko wowote wa studio, hata huu, kuwa ndio mji mzima. Nusu ya pili ipo katika masanduku ya bati chini ya vitanda, Miembeni, Kikwajuni na Mwembetanga: picha iliyopigwa na mjomba aliyekuwa na kamera ndogo, isiyo na mpangilio, vidole vimeziba pembe, na nyuma ya watoto waliopanga mstari unaonekana ukuta wa udongo wa mtaa ambao haupo tena duniani. Ningeweza kuitoa picha nzuri sana ya gwaride ili niipate moja ya hizo.

Masanduku hayo na makasha ya studio yana adui mmoja, nao ni hewa yetu. Karatasi na filamu hupenda ukavu na ubaridi, na hifadhi kubwa za nchi za nje huziweka mahali ambapo unyevu haufiki nusu. Unguja wakati wa masika unyevu hupanda juu ya asilimia 80, na upepo una chumvi. Gelatini, ule utando unaoshika picha, hulainika, huota ukungu, na negativu mbili zilizolaliana hushikana zisiachane. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa asidi ya siki. Ukifungua kasha ukanusa siki, jua ugonjwa umeingia na unaambukiza zilizo jirani. Fedha iliyomo hupanda juu na kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Mchwa hawana haja ya maelezo. Na mtu asiseme tuweke kiyoyozi tu, maana mji huu ulikaa gizani kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008 baada ya umeme kutoka bara kukatika, na tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010.

Kwa hiyo nakala za kidijitali zinahitajika, na zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja. Hilo wengi wanakubali, na siku moja fedha itapatikana. Lakini mashine ya kunakili haiandiki jina. Faili elfu moja zilizoandikwa nambari tu ni kadi za posta upya: mwanamke, mwanamme, mtoto, mtaa.

Nimeona mara nyingi kinachotokea picha ikiwekwa mbele ya mzee. Kwanza hunyamaza. Halafu huomba miwani.

"Shikamoo bibi, unamjua huyu?"

"Marahaba mwanangu. Huyu simjui. Lakini huo mlango naujua. Huo mlango wa Kiponda, kwa yule bwana aliyekuwa akiuza marashi. Uling'olewa ukauzwa." Ananyamaza tena. "Ngoja. Huyu mtoto aliyeshika mkono wa mama yake, huyu si Bi fulani? Tulisoma chuoni pamoja. Mwambie mwanangu akupe nambari yake, yupo hai, yupo Fuoni."

Katika dakika kumi picha imepata mtaa, mlango uliopotea umepata historia, na mtoto amepata jina na simu. Hakuna hifadhi ya Marekani wala ya Ulaya inayoweza kufanya hivyo, hata ikiwa na mitambo ya thamani gani. Na miaka kumi ijayo hata sisi hatutaweza, kwa picha za miaka ya 1940 na ya 1950 walau.

Kuna neno la tahadhari hapa, na nalitilia uzito. Mwanamke aliyekwenda studio mwaka 1955, akavua buibui nyuma ya mlango uliofungwa na kupigwa picha akiwa ametengeneza nywele, alifanya hivyo kwa ajili ya mume, dada au rafiki. Picha ile ilikusudiwa kukaa ndani ya droo, kwa sitara. Akijulikana jina leo, watoto wake wana haki ya kuulizwa kabla haijatundikwa au kuuzwa, na wakikataa, jibu hilo liheshimiwe. Watu wa pwani wamebishana kuhusu kamera na heshima ya mwanamke kwa zaidi ya miaka mia, kutoka Lamu mpaka Unguja, na ubishi huo una hoja. Kuandika majina kunampa mwenye sura uwezo wa kusema hapana. Asiyejulikana hana uwezo huo.

Faida ya picha hizi mjini ni ya kila siku pia. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ukiwa na majengo takriban 1,700, na mengi kati yake yametengenezwa na mafundi ambao hawakuwahi kuyaona yakiwa mazima. Roshani ilikuwa na nguzo ngapi? Dirisha lile lilikuwa na kioo cha rangi, au ni ubunifu wa mwenye hoteli? Sasa swali hilo limefika kwa Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, lenye nguzo za chuma zilizozunguka ghorofa zake. Kila picha ya uso wa jumba hilo, hata iliyopigwa kwa sababu ya bibi arusi aliyesimama mbele yake, inakuwa kipimo mkononi mwa fundi. Sizungumzii uzuri. Nazungumzia upana wa jiwe na mahali msumari ulipokuwa.

Watu huniuliza tukianza kazi hii ya kunakili na kuandika majina tuanze na kasha lipi, na wengi hutarajia nitaje usultani. Jibu langu huwashangaza. Picha nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri, ikiwa imesalimika na ukungu, inaweza kupita miaka mia, maana imetengenezwa kwa fedha. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimetengenezwa kwa rangi za kemikali zinazokufa hata gizani, na zile tulizo nazo majumbani zimekwisha kuwa nyekundu au njano. Ndani yake ndimo mlimo Michenzani ikiwa mpya, maduka ya umma yenye rafu tupu, harusi za kwanza za gorofani, shule za Mapinduzi, vijana wenye suruali pana na nywele za duara. Ni miaka ambayo wageni hawakuja kuipiga picha, na ambayo hatuna kadi ya posta yake. Wengi wa waliomo wana umri wa miaka sitini na kitu, wanakumbuka vizuri, na ukiwapigia simu leo mchana watakuja.